Si Kila Ajaye ni Masihi

Mfasiri anapokutana na majina ya Kalki na Maitreya, aghalabu huandika "masihi" au "mwokozi"; na panapotajwa mwisho wa zama, huandika "kiama". Maneno haya ni fasaha, lakini hapa yanapotosha.

Katika mapokeo ya Kihindu, yuga ni nne: Krita, Treta, Dvapara na Kali. Kali ndiyo fupi kuliko zote, nayo huhesabiwa miaka 432,000. Zote pamoja ni miaka 4,320,000. Mwishoni mwa Kali atatokea Kalki, avatara wa kumi wa Vishnu, amepanda farasi mweupe, na Krita itaanza upya. Kiama hufunga hesabu ya dunia mara moja tu, ilhali yuga huzunguka. Kwa hiyo yuga na iitwe "zama", na zama nne pamoja ziitwe "duru".

Maitreya, anayengojwa na Wabuddha, si mungu aliyeshuka. Ni Buddha ajaye, atakayefundisha upya njia itakayokuwa imesahauliwa. Kuifuata ni juu ya kila mtu. Kumwita masihi ni kumvika kanzu isiyo yake.

Mwalimu wa Ngara au Biharamulo aweza kuuliza: kwa nini avatara asipewe neno la nyumbani? Swali ni la haki, kwani lugha zetu za Kibantu ni chemchemi ya istilahi. Eneo hilo, pamoja na Burundi na Rwanda jirani, lina mapokeo ya kubandwa, yaani mtu kupandwa na roho ya shujaa wa kale kama Ryangombe, ambaye Warundi humwita Kiranga, na ambaye masimulizi husema aliuawa na nyati. Lakini Ryangombe humpanda mtu aliye hai, wakati wa ibada, kisha humwacha. Avatara hushuka na mwili wake mwenyewe. Tena Ryangombe hangojwi mwisho wa zama: huitwa kwa shida iliyopo, kama maradhi au utasa.

Basi neno la jirani nalo laweza kupotosha sawasawa na la kigeni. Na anayefasiri kubandwa kuwa "kupagawa na shetani" hutenda kosa lile lile: huhukumu imani ya wenziwe kabla ya kuieleza.

Rai yetu ni kwamba "avatara" litoholewe, Maitreya aitwe "Buddha ajaye", na "kubandwa" libaki lilivyo. Masihi na kiama yaachiwe wenyewe.