Bahati ya Williamson

Mwaka 1850, Alexander Williamson wa University College London alitaka kutengeneza alkoholi yenye kaboni nyingi zaidi. Alichanganya ethoksidi ya potasiamu na iodidi ya ethili, akapata etha. Jaribio hilo lilisaidia kumaliza ubishi mrefu kuhusu umbile la etha, na sifa anazopewa ni haki yake. Lakini malighafi pia ilimbeba.

Ethoksidi ina njia mbili. Yaweza kuishambulia kaboni iliyoshika iodini, ikaing'oa iodini na kukaa mahali pake: huo ni ubadilishaji, na zao lake ni etha. Au yaweza kupokonya haidrojeni kwenye kaboni ya jirani. Iodini hutoka vilevile, ila kinachobaki ni alkeni: huo ni uondoaji. Hapa ni etheni, gesi inayotoroka hewani.

Kinachoamua kwanza ni msongamano. Tuchukue bromidi badala ya iodidi, na ethoksidi ndani ya ethanoli, kwenye nyuzi 55 za Selsiasi. Bromidi ya ethili hutoa etha kama asilimia 90. Ongeza methili moja kwenye kaboni inayoshambuliwa, etha inaporomoka hadi 21 na propeni inachukua 79. Ongeza ya pili, upate bromidi ya tert-butili, na etha haipatikani tena. Kaboni imezingirwa, huku haidrojeni za pembezoni zikiwa wazi na nyingi kuliko mwanzo. Williamson angeanza na hiyo ya mwisho, angeambulia gesi.

Ndiyo maana anayetaka etha ya methili na tert-butili hugawa majukumu kwa hesabu: tert-butoksidi ishambulie, iodidi ya methili ishambuliwe. Methili haina kaboni jirani, kwa hiyo hakuna haidrojeni ya kupokonywa. Akiyageuza majukumu hayo, kazi imeharibika kabla moto haujawashwa.

Na moto wenyewe? Darasani ndio unaotangulia: ethanoli na asidi ya salfuriki, nyuzi 140 etha, 170 etheni. Ni kweli, joto hupendelea uondoaji kwa sababu uondoaji huzalisha molekuli nyingi zaidi. Ila naona tunaupa uzito kupita kiasi. Bromidi ya oktadesili ikikutana na methoksidi kwenye nyuzi 65, asilimia 99 ni etha. Ikikutana na tert-butoksidi, besi nene isiyopenya, asilimia 85 ni alkeni, tena kwenye nyuzi 40 tu.