Hongereni, mafundi wa benchi

Hongereni mafundi seremala wa Nachingwea na Ruangwa. Misitu ya Lindi imewapa mninga, mkongo na mpingo, nanyi mnajua kila mti ukae wapi. Kwenye benchi la kuchonga kwa mkono, mninga hufaa kwa kikalio: haujipindi ovyo ukikauka, na tezo huukubali mpaka ubao ufuate umbo la mkaaji. Mpingo una kazi nyingine. Ni mzito hata huzama majini, na patasi huwa butu upesi juu yake. Basi hutengewa vipande vidogo: vigingi, kabari za kukaza ulimi ndani ya tundu, na ukanda mweusi unaokatiza wekundu wa mninga. Kabari hizo, zilizo pambo pia, ndizo zinazoshika miguu.

Kazi hii haitaki pupa. Mbao mbichi hupasuka, na msasa haufichi kiungo kilicholegea.

Nasi wateja tuna wajibu. Tuulize kama mbao zimevunwa kwa kibali, maana mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Tena tumlipe fundi ustadi wake, si mbao peke yake.