Kata ngapi kwa siku?

Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu unywaji wa pombe. La pili huuliza mtu hunywa vinywaji vingapi siku anapokunywa. Muulize hivyo mzee wa Old Moshi. Mbege yake ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, ukali wake hutegemea mpishi na muda iliokaa, na kata ya kunywea huzunguka toka mkono huu hadi ule. Atakujibu, kwa kuwa ana adabu, lakini namba hiyo haitakuambia mengi.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika KCMC, hospitali ya kanda pale Moshi, inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wataalamu wake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walitaka kuwasaidia majeruhi wanaofika idara ya dharura wakiwa na tatizo la pombe. Tiba ilikuwapo tayari: mazungumzo mafupi yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Yale, ambamo mhudumu huomba ruhusa ya kugusia pombe, humweleza mgonjwa hali yake, humuuliza kwa kipimo cha 1 hadi 10 yuko tayari kiasi gani kubadilika, kisha hupatana naye hatua ya kuchukua. Ingetosha kutafsiri na kugawa. Hawakufanya hivyo, kwanza waliwahoji na kuwasikiliza wagonjwa na wahudumu.

Kusikiliza huko ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Maneno hurekodiwa, huandikwa yalivyotamkwa, kisha wasomaji zaidi ya mmoja hutia alama kila kifungu kwa dhamira yake na kubishana pale wanapotofautiana. Mgonjwa akisema anaona aibu kuulizwa mbele ya ndugu, hiyo ni data. Muuguzi akimwona mlevi kuwa amejitakia, hiyo pia ni data, tena inayoumiza kuisoma.

Kilichozaliwa kikaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako: mazungumzo ya Kiswahili, yakiongozwa na muuguzi. Baadaye jaribio likapima kama ujumbe mfupi wa simu baada ya mgonjwa kuruhusiwa huyaongezea mazungumzo hayo nguvu.

Binafsi ningetaka mahojiano yarudiwe kwa wauguzi walewale, waulizwe jambo moja: usiku wa bodaboda tatu kugongana, ni sehemu gani ya mazungumzo wanayoiruka?