Protini ya Lupini Dhidi ya Kuvu wa Mimea

Mbegu inayoota ardhini huzungukwa na kuvu wanaoiwania akiba yake ya chakula, na ni katika hatua hiyo ya hatari ndipo watafiti wa kilimo wa Lisbon, nchini Ureno, walipoikuta protini iitwayo BLAD katika mbegu za lupini nyeupe tamu, zao la jamii ya kunde. Protini hiyo haimo katika mbegu kavu. Mbegu inapoota, vimeng'enya vyake huikatakata beta-konglutini, ambayo ni protini ya akiba, ili mche upate lishe. Hata hivyo, kipande kimoja chenye asidi amino 173 husalia bila kuvunjwa, nacho hujilimbikiza katika majani ya mbegu kuanzia takriban siku ya nne.

Kutumia silaha za mmea mmoja kuulinda mwingine hakukuwa jambo geni: mwaka 1991 watafiti wa Marekani walikuwa wamekwisha kuhamishia jeni ya kitinase, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa kuvu, kutoka kwenye maharage hadi kwenye tumbaku, njia ambayo humlazimu mtafiti kubadili kila zao peke yake na kulitafutia kila moja kibali. Wareno, kwa busara zaidi, waliiacha mbegu ifanye kazi yake: huoteshwa, huchujwa kwa maji, na dondoo lake hunyunyiziwa mazao mengine.

BLAD hushikamana na kitini, sukari ya mnyororo mrefu ambayo hujenga ukuta wa seli za kuvu na ambayo mimea haina, kisha huudhoofisha ukuta huo na kuuharibu utando wa seli ulio ndani yake. Kwa kuwa hushambulia sehemu kadhaa kwa pamoja, kuvu hupata shida kujenga usugu, tofauti na viuakuvu vya kundi la strobilurini, ambavyo badiliko moja tu la jeni huweza kuvifanya butu.

Marekani iliisajili BLAD mwaka 2013, na miongoni mwa magonjwa inayoyazuia ni ukungu wa kijivu wa zabibu na stroberi, pamoja na ubwiri unga. Lakini haipenyi ndani ya mmea, hivyo upande wa chini wa jani usiofikiwa na dawa hubaki wazi. Na beta-konglutini yenyewe huwadhuru baadhi ya watu wenye mzio wa lupini, jambo ambalo wasifiaji wa dawa za asili hupenda kulipita kimya. Kwa hiyo inafaa kama kinga ya mapema na mshirika wa kupokezana na viuakuvu vingine, wala si tiba ya shamba ambalo ugonjwa umekwisha kulishika.