Kope za Miura

Machi 2024 Italia ilimpoteza Marcello Gandini, mchoraji wa magari, akiwa na miaka 85. Alipoichora bodi ya Lamborghini Miura, alikuwa na miaka 27 tu.

Gari lenyewe ni tunda la ukaidi wa vijana. Ferruccio Lamborghini, tajiri wa matrekta wa Cento, alitaka magari ya starehe, si ya mashindano. Wahandisi wake Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace wa New Zealand, hawakuwa wametimiza hata miaka 30, nao walitamani kingine. Injini ya silinda 12 wakaiweka nyuma ya viti, tena kikingama, ikichangia oili na giaboksi. Novemba 1965 chasisi yao, iliyojaa matundu ili iwe nyepesi, ilionyeshwa Turin ikiwa uchi. Nuccio Bertone, mwenye karakana ya bodi alimofanya kazi Gandini, akaipata kazi ya kuivika, na Machi 1966 Miura likawa Geneva, limevikwa, rangi ya machungwa.

Lakini ufundi wa Gandini umo katika taa. Zilitoka kwenye Fiat 850 Spider, gari la watu wa kawaida. Akazilaza chali, zitazame juu, ziinuke zikiwashwa. Kisha akazipangia vifito vyeusi juu na chini, vikawa kope. Taa za bei nafuu zikageuka macho ya kiumbe! Toleo la SV la 1971 lilikuja na nguvu za farasi 385 badala ya 350 za mwanzo, ila kwa kawaida bila kope. Kasi iliongezeka, uso ukapoa.

Miura lilikuwa na kasoro zake. Tangi la petroli lilikaa mbele, hivyo kadiri mafuta yalivyopungua ndivyo pua ilivyokuwa nyepesi kwenye mwendo mkali. Hata hivyo, lilikuwa na sura yake. Magari ya leo hayana kasoro hiyo, wala hayana sura: yanafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Hadi 1973 yalikuwa yametengenezwa yasiyofika 800. Mengine sasa hufungiwa ghalani yakisubiri bei ipande. Filamu ya The Italian Job ya 1969 inaanza na Miura likipanda milima ya Alps, na huko ndiko mahali pake. Mwenye nalo alitoe, alitie mafuta, aliendeshe.