Dohnavur: Nani Alilala na Mtoto

Anayetaka kujua jinsi mgeni anavyoweza kuhudumia watoto katika nchi isiyo yake bila kuwa mzigo kwao, aanze na Dohnavur, kijiji cha wilaya ya Tirunelveli, kusini mwa India, chini ya milima ya Ghats ya Magharibi. Hapo ndipo Amy Carmichael, mmisionari aliyezaliwa Millisle, Ireland, mwaka 1867, alipoanzisha makao ya watoto mwaka 1901, akaishi nao mpaka alipofariki mwaka 1951. Hakurudi kwao hata kwa likizo. Makanisani habari zake husimuliwa kama kielelezo cha moyo wa kujitoa, na moyo huo kweli alikuwa nao. Lakini wenye moyo kama huo ni wengi, na wengi wao kazi zao hazikudumu hata miaka mitano. Kilichoifanya kazi ya Dohnavur isimame ni jinsi nyumba yenyewe ilivyopangwa: ulezi wa kila siku ulikuwa mikononi mwa wanawake wa Kitamil ambao hawakuwa na safari ya kurudi popote, na Wazungu waliokuja baadaye wakapewa nafasi ndani ya mpango huo.

Ushahidi wa kwanza tunaupata nje ya India. Mwaka 1893 mama huyuhuyu alikwenda Japani, akakaa huko miezi kama kumi na mitano, akahubiri kwa msaada wa mkalimani. Baada ya kuona kwamba bibi kizee mmoja mgonjwa alikuwa akishangaa glavu zake kuliko kusikiliza maneno yake, aliziacha nguo za Kizungu na kuanza kuvaa kimono. Kwa hiyo wanaosema kwamba siri ya kuzoea ugenini ni mavazi na unyenyekevu wanapaswa kutueleza Japani. Mavazi yalikuwepo, unyenyekevu ulikuwepo, naye mwaka uliofuata akaondoka. Mtu atasema aliondoka kwa sababu ya ugonjwa, na ni kweli. Ila India nako, alipofika mwaka 1895, alipokewa na homa ya dengi, na hakuondoka. Tofauti ninayoiona iko katika miaka sita iliyofuata, kabla hajaanzisha makao ya watoto. Alijifunza Kitamil chini ya mmisionari Thomas Walker, aliyeifahamu lugha hiyo kwa undani, kisha akazunguka vijijini na kikundi cha wanawake wa Kitamil, akisafiri na kulala walipolala wao. Watoto walipoanza kuja, hakuwa na haja ya mkalimani, na pembeni yake walikuwepo wenyeji waliomjua na aliowajua.

Mwaka 1901 msichana wa miaka saba aliyetoroka hekaluni aliletwa kwake. Siku hizo katika mkoa wa Madras ilikuwepo desturi ya kuwaweka wakfu wasichana wadogo kwa miungu ya hekalu, maisha ambayo kwa wengi wao yaliishia katika ukahaba. Sheria ya kuipiga marufuku desturi hiyo mkoani humo ilipitishwa mwaka 1947 tu. Mwaka 1904 wakaanza kuletwa watoto wachanga, na hapo kazi ikabadilika kabisa. Msichana wa miaka saba anahitaji chakula, shule na mtu wa kumsikiliza. Mtoto wa wiki mbili aliyetenganishwa na mama yake anahitaji maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, katika joto ambalo maziwa huharibika upesi, na Dohnavur haikuwa na daktari. Wanawake wa kijijini wenye maziwa hawakuwa tayari kunyonyesha watoto wa watu wengine, na katika jamii ile kumwogesha na kumbadilisha nepi mtoto asiye wako ilihesabiwa kazi ya watu wa chini. Hapa ndipo wahisani wengi wangeagiza wauguzi kutoka Ulaya na kuona jambo limekwisha. Carmichael alimpa kazi hiyo Ponnammal, mjane wa Kitamil aliyekuwa katika kile kikundi cha vijijini. Ponnammal aliwahamishia watoto wachanga Neyoor, karibu na hospitali ya wamisionari, akajifunza kutayarisha maziwa ya chupa na kuuguza, akawafundisha wasichana wa Kitamil kufanya vivyo hivyo. Kuhara damu kulipoingia katika nyumba ile, watoto kadhaa walikufa. Ponnammal hakukata tamaa, wala hakunyang'anywa kazi ili apewe Mzungu, jambo ambalo lingekuwa rahisi mno katika India ya Waingereza. Muuguzi kutoka Uingereza alipofika mwaka 1907, alikuta watu wanaoijua kazi. Kuna mengi ya kujifunza katika mfuatano huo wa matukio: mwenyeji alitangulia, mtaalamu mgeni akafuata.

Mpango wa nyumba ulijengwa juu ya hilo. Watoto hawakulazwa katika bweni moja kubwa. Waligawanywa katika vijumba, kila kimoja na mlezi wake wa Kitamil aliyelala na watoto chumba kimoja, nao wakamwita accal, yaani dada mkubwa. Wanawake wa Kizungu waliitwa sittie, mama mdogo, wanaume annachie, kaka mkubwa, na Carmichael mwenyewe Amma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa mpango huu. Mama mdogo ana haki ya kukemea na wajibu wa kulisha, lakini hamwondolei mama wala dada nafasi yake, na mtoto yeyote wa Kitamil alilijua hilo kabla mgeni hajafungua mdomo. Mgeni aliyefika Dohnavur hakuachwa abuni mwenyewe uhusiano wake na watoto. Aliukuta, akaingia. Fedha nazo zilifuata njia hiyohiyo: wanachama wa jumuiya, Wazungu kwa Wahindi, hawakuwa na mshahara, na wanawake wote walivaa sari. Tofauti ya rangi haikufutika kwa hayo. Angalau haikujengewa ngazi ya malipo. Ile hadithi ya kwamba Carmichael alijipaka kahawa ili afanane na Wahindi, inayopendwa sana kwenye mahubiri, ndiyo sehemu isiyo na uzito kuliko zote katika habari zake.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi hulipita haraka kwa sababu halina ushujaa ndani yake, nalo ni mapumziko. Wazungu wengi wa India walikimbia joto kwa kwenda kwenye miji ya milimani, wakakaa wiki nyingi wao kwa wao. Jumuiya ya Dohnavur ilinunua eneo la msitu katika milima ya jirani mwaka 1917, ikajenga nyumba huko, na watoto wakapanda pamoja na walezi wao, wakaogelea katika maji ya mto. Mgeni alipumzika, lakini hakupumzika kwa kujitenga na watu aliokuja kuishi nao.

Pingamizi kubwa dhidi ya mfano huu ninalichukua kwa uzito. Dohnavur ilikuwa taasisi, tena yenye kuta, na iliongozwa na mtu aliyeamini kwamba dhamiri yake iko juu ya mahakama. Mwaka 1911 mahakama iliamuru msichana mmoja, Muttammal, arudishwe kwa mama yake. Badala ya kurudishwa, alitoroshwa akiwa amevalishwa nguo za mvulana, akapelekwa mpaka China, akaishi huko kwa miaka. Waliofanya hivyo waliona wanaokoa roho na mwili wa mtoto, na huenda hofu yao ilikuwa na msingi. Leo kitendo hicho kingefikishwa mahakamani kama utoroshaji wa mtoto, na ingekuwa haki. Sayansi nayo imesema baadaye ambayo wao hawakuweza kuyajua. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwanzoni mwa karne hii, uliofuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo, ulionyesha kwamba waliopelekwa kwa familia za malezi waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sidai, basi, kwamba Dohnavur ijengwe upya. Ninachodai ni kwamba utafiti huohuo unathibitisha kiini cha mpango wa Ponnammal: mtoto mdogo hukua kwa kushikamana na mtu mmoja anayebaki. Nyumba yoyote inayobadilisha walezi kila msimu inafanya kinyume cha jambo hilo, hata kama walezi hao wanasali sana.

Pingamizi la pili ni la muda. Nani leo, wataniuliza, atakaa miaka 55? Kijana wa kanisa la Uholanzi au la Texas ana wiki sita kabla chuo hakijafunguliwa, na kijana wa Nairobi anayekwenda Sudan Kusini naye ana likizo yake tu. Ni kweli, na hakuna ubaya katika wiki sita. Ubaya uko katika kuzitumia wiki hizo kwa kazi ambayo inadai miaka. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, lilionya juu ya madhara ya safari za kujitolea katika vituo vya yatima, na Kenya ilikuwa imekwisha kusimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017. Waliochukua hatua hizo walikuwa wameona kwamba mgeni anayekuja kubeba watoto huvuta fedha, fedha huvuta vituo, na vituo huvuta watoto ambao wengi wao wana wazazi. Mwenye wiki sita anaweza kupanga hesabu za ofisi, kutengeneza pampu ya maji, kumfundisha muuguzi mwenyeji jambo asilolijua, au kupika na kuosha vyombo ili mlezi wa kudumu apate usingizi. Kazi hizo hazipendezi kwenye picha, nami nashuku hiyo ndiyo sababu hazitangazwi.

Kwa wachungaji na wakuu wa makao wanaopokea barua za wageni kila mwaka, nasema hivi. Kabla ya kujibu, andikeni majina ya walezi wanaolala na watoto, na miaka ambayo kila mmoja amekaa. Orodha hiyo ikiwa fupi, au majina yakiwa ya watu waliofika juzi, fedha za tiketi ya huyo mgeni zina kazi ya haraka zaidi: kuwalipa walezi waliopo ili wasiondoke, na kuwatafuta ndugu wa watoto hao wawarudishe nyumbani.