Kaya, Nyumba na Familia katika Istilahi za Sensa

Katika tafsiri za taarifa za sensa, aghalabu twakuta maneno kaya, nyumba na familia yakibadilishana nafasi kana kwamba maana yake ni moja. Mazoea haya yafaa kukosolewa, maana yanaweza kuharibu hesabu yenyewe.

Historia yatusaidia kuyapambanua. Wakati wa utawala wa Wajerumani kodi ilitozwa kwa nyumba; hivyo aliyekuja kuhesabu nyumba alidhaniwa ni mtoza kodi, na mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kuficha. Waingereza waliendesha sensa mwaka 1921 na 1931, kisha ile ya 1948 iliyofanywa kwa utaratibu wa kitaalamu zaidi. Sensa ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano ilikuwa ya 1967, ilipopata watu zaidi ya milioni 12. Zikafuata za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hii ya mwisho ilihesabu watu 61,741,120.

Kipimo cha sensa hizi ni kaya, yaani mtu au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya maisha, hasa chakula. Nyumba moja ya vyumba sita ya kupangisha yaweza kuwa na kaya sita. Familia nayo hufuata damu na ndoa, hata wahusika wakiwa mbalimbali. Karani akiuliza, "Familia yako ina watu wangapi?" mama wa Lindi atamtaja na mwanawe anayefanya kazi Mwanza, ambaye huko nako atahesabiwa. Akiuliza habari za "nyumba hii", mpangaji wa chumba cha uani huenda akasahauliwa. Mmoja amehesabiwa mara mbili, mwingine hakuhesabiwa kabisa. Na kwa hesabu hiyo hiyo hupangwa madarasa na zahanati.

Hatusemi kwamba kaya ni istilahi isiyo na dosari. Kwa Wamijikenda neno hili ni mji wa asili wenye heshima ya pekee, na msomaji wa pwani aweza kulielewa hivyo. Hata hivyo limekwisha kuzoeleka, na kulibadili sasa kutazidisha utata. Kwa hiyo twawashauri wafasiri walishike, na kila dodoso lieleze maana yake kwa sentensi moja nyepesi kabla ya swali la kwanza.